Asilimia Kumi na Nne

"Zima hicho kitu chako, Saida, kabla hakijatuua!"

Aliyesema hivyo alikuwa Bi Umi, na alisema akiwa bado ameshika maiki, kwa hiyo maneno yake yalitoka kwenye spika zile zile alizokuwa akizilaani, yakakwaruza ukumbi mzima kama bati linaloburutwa juu ya matumbawe. Wanawake mia mbili, katika khanga zao za sare, waligeuka kumtazama Saida pale alipokaa pembeni na vyombo vyake. Saida alizima.

Katika shughuli za akina mama hapa Kilwa Masoko wanaume hawaingii. Bi harusi huwa ndani, wanawake hujifunua vichwa, huimba na kucheza kwa raha zao, na mwanaume akionekana hata dirishani hufukuzwa kwa kelele. Ndiyo maana Saida, mke wa Ismaili dereva wa bajaji, alikuwa na kazi isiyo na mshindani: kuanzia Pande hadi Masoko, ndiye mwanamke pekee aliyekuwa na amplifaya, miksa na spika mbili kubwa, akizibeba, akizifunga na kuziendesha kwa mikono yake. Kwa miaka minne hakuna shughuli iliyomkosa. Lakini tangu masika yapite, sauti ya vyombo vyake ilikuwa ikiharibika kidogo kidogo, kama maziwa yanavyoanza kuchacha huku mwenye nyumba akijiambia kwamba bado ni mazuri. Alikwisha kununua spika mpya Lindi kwa laki mbili na nusu. Haikusaidia kitu.

Siku hiyo ya Jumapili iliharibika mbele ya mtu asiyefaa. Bi Umi ndiye aliyekuwa akiwaombea mabibi harusi wa Masoko kwa kaswida kwa miaka thelathini, na sauti yake ilijulikana kama mtu anavyojua harufu ya nyumbani kwao. Alipoanza ubeti wa kwanza, sauti iliyotoka ilikuwa kavu, imepasuka, na ina mlio ndani yake kama wa nyuki waliofungiwa kwenye debe. Wasichana wa nyuma waliziba midomo kwa khanga. Mmoja hakuziba vya kutosha.

"Bibi kaisha huyu," alisema. "Apumzike sasa."

Bi Umi alisikia. Kila mtu aliona kwamba alisikia.

Alimkuta Saida getini, akikunja nyaya. Saida aliinama. "Shikamoo, Bi Umi. Naomba radhi."

"Marahaba. Radhi haiimbi." Bi Umi hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza Saida zaidi. "Alhamisi baada ya alasiri kamati ya Maulidi ya akina mama inakaa hapa hapa. Njoo na vyombo vyako tuvisikilize. Vikilia kama vilivyolia leo, Jumamosi namwita yule kijana wa Lindi."

"Lakini yule ni mwanaume."

"Atakaa nyuma ya pazia. Bora mwanaume nyuma ya pazia kuliko bati mbele za watu."

Saida alifunga mkoba wa nyaya. Alijua, kama alivyojua kila mwanamke wa mji ule, kwamba anayesimamia sauti ya Maulidi ndiye anayeitwa kwenye shughuli zote za msimu unaofuata. Kuikosa Jumamosi ilikuwa kuukosa mwaka.

* * *

Nyumbani, mkwewe, Bi Mwanaidi, alikuwa amekwisha kupata habari kabla bajaji haijasimama. Alimtengea Saida wali na mchuzi wa pweza, akakaa karibu naye, akimpepea nzi. Bi Mwanaidi alikuwa mwanamke wa kutunza vitu. Hakuna kufuli la nyumba ile lililokuwa na kutu, hakuna mkasi uliokwama. Hata vyombo vya Saida ni yeye aliyevifuta vumbi kila Ijumaa na kuvifunika kwa shuka safi.

Ismaili aliingia akiwa na funguo za bajaji kidoleni.

"Mama Imani, pole. Nimesikia hadi kijiweni. Mmoja kaniuliza kama mke wangu siku hizi anakodisha mashine ya kusaga."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nikamwambia apande bajaji ya mwingine." Alikaa chini, akashusha pumzi. "Lakini sikiliza. Nimekwambia mara ngapi kwamba ni umeme? Josephat akianza kuchomelea mageti yake hapo jirani, hata taa zetu zinakonyeza. Yeye ndiye anayetuharibia. Kesho nakwenda kumwambia mbele ya wateja wake."

"Ukumbini hakukuwa na Josephat."

"Basi vyombo vimezeeka. Tuviuze vingali vinapiga kelele, kabla havijanyamaza kabisa."

Saida alisukuma sahani. "Siuzi kitu ambacho sijajua kinaumwa nini," alisema. "Na wewe usiende kumtukana mtu kwa kitu ambacho hukijui."

* * *

Jumatatu asubuhi abiria wa kwanza wa Ismaili alikuwa Saida mwenyewe: amplifaya kiti cha nyuma, miksa mapajani, hadi kwa Augustine, fundi wa mitambo aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kituo cha redio na sasa alikuwa na chumba chake karibu na soko. Augustine alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyeongea na mashine kuliko alivyoongea na watu.

Juu ya meza yake palikuwa na kisanduku cha chuma cha kijivu, chenye mshale na vitufe vinne vya kuzungusha.

"Dada Saida, masikio yako yanakwambia sauti ni mbaya. Hiki kitakwambia ni mbaya kiasi gani," alisema. "Wewe ukimwalika mtu mmoja chakula, unatarajia waje wangapi?"

"Mmoja."

"Akija na ukoo wake?"

Saida alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. "Nitaongeza maji kwenye mchuzi."

"Basi mashine mbovu hufanya hivyo. Unaipa sauti moja safi, yenye mitetemo elfu moja kwa sekunde. Mashine nzuri inakurudishia hiyo moja. Mbovu inakurudishia hiyo pamoja na ya elfu mbili, ya elfu tatu, ya elfu nne, wote hukuwaalika. Sikio halitambui mmoja mmoja, linasikia mkwaruzo tu. Hiki kipimo kinamtoa nje yule mgeni wako halali, kisha kinawahesabu waliobaki ndani. Wakiwa chini ya mmoja katika mia, hakuna atakayelalamika. Wakifika watano, mwenye sikio atakunja uso."

Aliunganisha amplifaya na miksa kwa nyaya zake mwenyewe, akazungusha vitufe taratibu. Mshale ulilala karibu na sifuri.

"Sifuri nukta tatu," alisema. "Vyombo vyako ni vizima."

"Vizima?" Saida aliinama hadi pua yake ikakaribia kioo. "Basi mbona vinanitia aibu?"

"Hilo halipo mezani kwangu. Liko kwako. Mimi kesho ninakwenda Nangurukuru kazini, sirudi hadi Alhamisi. Chukua kipimo. Tafuta."

Saida alirudi nyuma hatua moja. "Kaka Augustine, mimi kalamu nimeishika nikiwa na mtoto mgongoni. Nimejua kusoma katika darasa la watu wazima, na nukta za hesabu mwalimu ametufundisha mwaka jana tu."

"Nukta ni hizo hizo," alisema Augustine. "Andika nitakavyokwambia."

Aliandika kurasa mbili za daftari, kwa herufi kubwa zilizokaa juu ya mistari kama wanafunzi waliopangwa foleni.

* * *

Jumanne Saida alipanga vyombo vyake vyote uani, kama anavyovipanga ukumbini. Bi Mwanaidi alileta kigoda akakaa kutazama. Ismaili aliacha kazi kwa saa nzima, ingawa alisema ni kwa ajili ya kubadilisha tairi.

Saida alipitisha ile sauti safi, akazungusha kitufe cha kumtoa mgeni, akasoma. Nukta mbili.

"Imepona!" alipiga kelele Ismaili.

Lakini spika ilikuwa inakwaruza palepale, mbele ya masikio yao wote watatu. Saida alifungua daftari. Alisoma kwa kidole, neno kwa neno, akapata alichokiruka: *Kwanza peleka mshale hadi mia, ndipo umtoe mgeni.* Alikuwa amehesabu wageni bila kujua ukubwa wa karamu. Alianza upya. Mshale ukapanda hadi mia, akazungusha, ukashuka, ukashuka, kisha ukakwama.

Kumi na nne.

Wageni kumi na wanne katika kila mia, na Bi Umi alikuwa ameimba katikati yao.

"Josephat huyo," alisema Ismaili kwa sauti ya chini.

"Basi mwite."

"Nimwite?"

"Mwambie achomelee. Tumpime."

Josephat alikuja na miwani yake nyeusi juu ya kipaji cha uso, akijua tayari kwamba anatuhumiwa, maana ukuta kati ya nyumba zile ulikuwa wa makuti. "Shemeji Saida, nasikia mimi ni mchawi wa spika," alisema. "Haya, nipimeni. Ila nikiwa mzima, huyu bwana ananinunulia soda."

"Mbili," alisema Ismaili.

Josephat alirudi kwake kuchomelea. Cheche ziliruka nyuma ya makuti. Saida alipima kwanza umeme wenyewe, kwa kupitia transfoma ndogo aliyofungiwa na Augustine. Umeme ule hutetema mara hamsini kwa sekunde, na mitetemo ya nyongeza iliyoufuata ilipanda kutoka mitatu katika mia hadi sita. Ismaili akaanza kutabasamu. Lakini Saida hakusimama hapo. Alihamisha kipimo kwenye sauti. Kumi na nne. Akampigia Josephat kelele azime. Kumi na nne. Achome. Kumi na nne, mshale haukutikisika hata unywele.

"Umeme wake unachafuka kweli," alisema Saida, "lakini uchafu huo haufiki kwenye sauti. Amplifaya inauchuja. Josephat hana kosa."

"Yangu iwe ya machungwa," ilijibu sauti nyuma ya makuti.

Ismaili alikwenda kununua soda. Saida alibaki na alichokuwa nacho: miksa nzima, amplifaya nzima, spika mpya, umeme usio na hatia. Alikaa chini akakitazama kile alichokuwa hajakitazama, kwa sababu kilikuwa kidogo na kilikuwa kimelala tu chini. Kwa Augustine walitumia nyaya za Augustine.

Aliutoa waya unaokwenda kutoka miksa hadi amplifaya, akaweka mwingine wa akiba ambao haujawahi kutoka kwenye mfuko wake. Alipeleka mshale hadi mia. Alimtoa mgeni. Mshale ukashuka, ukapita kumi, ukapita tano, ukapita moja, ukalala.

Nukta nne.

Ule mlio uliotoka kwenye spika ulikuwa mwembamba na safi kama mstari uliopigwa kwa rula. Saida aliweka mikono kichwani. Kisha alichukua bisibisi, akaifungua plagi ya waya ule mbaya.

Ndani palikuwa na rojo la kijani. Shaba ilikuwa imeliwa, imevimba na kugeuka unga. Na harufu ikatoka, harufu anayoijua kila mtu aliyelelewa pwani hii: mafuta ya nazi yaliyochacha.

Aliinua macho. Bi Mwanaidi alikuwa amesimama, na mkono wake ulikuwa umeshika nguzo ya jiko.

"Kila Ijumaa," alisema yule mama. "Kidogo tu, kwa pamba. Kama ninavyopaka makufuli. Niliona chumvi ya bahari inazianza, nikasema zisije zikaota kutu wakati mkamwana wangu hayupo."

* * *

Augustine alieleza kwa simu. Chuma hukubali mafuta ya nazi, alisema, lakini shaba huyakataa. Yakichacha huila, na ile kutu ya kijani huwa kama mlango unaofunguka upande mmoja: sauti inapita ikienda, inabanwa ikirudi. Hapo ndipo wale wageni wanapozaliwa. Kata plagi zote, safisha matundu kwa spiriti, funga mpya.

Saida alipokata simu, chumbani kwa mkwewe kulikuwa na mlio wa kabati. Alimkuta Bi Mwanaidi akikunja nguo na kuziweka kwenye mkoba wa ukindu.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Pande, kwa Anjelina, yule jirani yangu wa zamani. Nitakaa kidogo." Alikunja khanga ile ile mara ya tatu. "Watu wamekucheka miezi mitatu. Umenunua spika ambayo hukuihitaji. Mwanangu amechekwa kijiweni. Yote kwa mikono yangu hii. Wakijua, watasema mkwe wake ndiye aliyemroga."

Saida alikaa kitandani, akazitoa nguo mkobani moja moja, akaziweka mapajani mwake.

"Mama, wewe ndiye mtu pekee aliyeniona nina kazi ya kutunzwa. Wengine wote waliona nina makelele. Ukiondoka, nani atanishikia taa nikiwa nachomelea plagi? Ismaili anatetemeka mkono."

"Utawaambia nini kamati?"

"Nitasema ni chumvi."

Bi Mwanaidi aliusukuma mkoba chini ya kitanda. Usiku huo hakwenda Pande, na Jumatano kutwa walikaa wawili uani, mmoja ameshika tochi, mwingine ameshika risasi ya kuunganishia na chuma cha moto, wakakata plagi kumi na kufunga mpya kumi. Kila waya ulipokamilika Saida aliupima, na Bi Mwanaidi, ambaye hakujua herufi hata moja, alijifunza pale mshale unapopaswa kulala. "Huu bado," alisema katika waya wa nne, kabla Saida hajatazama. Ilikuwa kweli. Wakaufungua tena.

* * *

Alhamisi baada ya alasiri wanakamati kumi na wawili walikaa katika viti vya plastiki, Bi Umi katikati. Mbele yake palikuwa na simu, na wote walielewa kwamba namba ya kijana wa Lindi ilikuwa tayari imeshatafutwa. Saida alifunga vyombo. Bi Mwanaidi alikaa nyuma, karibu na mlango.

"Sitaki maelezo," alisema Bi Umi. "Washa."

"Nitawasha, Bi Umi. Ila kwanza naomba uone kwa macho, kwa sababu masikio yanaweza kunionea huruma."

Alimsogezea kipimo. Aliunganisha kwanza waya mmoja mbovu aliouacha makusudi bila kuutengeneza, akaonyesha mshale. Kumi na nne. Na spika ikakwaruza, wanakamati wakaziba masikio. Kisha akaunganisha mzima. Nukta nne, na ukumbi ukajaa mlio ule mmoja, laini, hata mwanamke aliyekuwa akinong'ona akanyamaza.

Bi Umi aliinama kuutazama mshale.

"Hizo kumi na nne," alisema polepole, "Jumapili zilikuwa zangu, au za waya?"

"Za waya, Bi Umi. Wewe uliimba kama unavyoimba siku zote. Waya ukaongeza vitu ambavyo hukuviimba. Watu waliocheka waliucheka waya."

Bi Umi alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa khanga, ingawa haikuwa chafu. "Na waya uliharibiwa na nini?"

Saida alifungua mdomo. "Ni chumvi ya..."

"Ni mimi," ilisema sauti kutoka mlangoni.

Bi Mwanaidi alikuwa amesimama, mnyoofu, mikono ameikunja mbele. "Nilizipaka mafuta ya nazi. Kila Ijumaa. Huyu anataka kunificha, lakini mimi sikuzaliwa kufichwa. Kama kuna wa kufukuzwa katika Maulidi, si yeye."

Kisha mtunza hazina wa kamati akakohoa.

"Mafuta ya nazi yanaharibu nyaya?" aliuliza.

"Yanakula shaba," alisema Saida.

"Ewe Mola! Mimi nimepaka plagi ya friji yangu juzi."

"Mimi redio ya marehemu mume wangu," alisema mwingine.

"Na mimi cherehani yote, na waya wake!" alisema wa tatu, na kicheko kikazuka, kikapita kiti kwa kiti hadi kikamfikia Bi Mwanaidi pale mlangoni, naye akajikuta anacheka huku machozi yakimtoka. Bi Umi mwenyewe alicheka hadi kiti kikalia.

"Njoo ukae mbele, Bi Mwanaidi," alisema. "Mhalifu gani anakaa mlangoni?" Kisha akanyoosha mkono kwa Saida. "Nipe maiki."

Alisimama. Alisafisha koo, na kwa mara ya kwanza Saida aliona kwamba mama yule alikuwa akiogopa. Siku nne zote alikuwa ameishi na maneno ya msichana wa nyuma. Alifumba macho, akaanza ubeti ule ule wa Jumapili.

Sauti ilitoka nzima. Ilikuwa na umri ndani yake, na pumzi fupi hapa na pale, lakini vyote hivyo vilikuwa vyake mwenyewe, na hakuna aliyetamani kimoja kiondolewe. Ilipanda hadi kwenye paa, ikatoka madirishani. Katika ubeti wa pili wanakamati walianza kuitikia. Katika wa tatu, mama muuza maandazi wa ng'ambo ya barabara alionekana mlangoni, akavua ndala, akaingia. Nyuma yake waliingia wasichana wawili waliotoka kisimani na ndoo zao, kisha mwalimu wa chekechea, kisha wanawake ambao Saida hakuwajua majina, hadi viti vikaisha na watu wakaketi sakafuni.

Mtunza hazina alimwinamia Saida sikioni. "Jumamosi uje saa moja asubuhi. Na Jumapili kuna shughuli ya binti yangu. Usimwahidi mtu mwingine."

Saida alitikisa kichwa kukubali. Hakuna aliyekifunga kikao. Maulidi yalikuwa yameanza siku mbili kabla ya siku yake, na watu walikuwa bado wanaingia. Ikabidi asimame awashe spika ya pili, ile iliyotazama barabarani. Alipoketi tena mikono yake haikuwa na la kurekebisha. Basi akaiweka magotini, akafungua kinywa, akaitikia pamoja na wenzake kwa sauti yake mwenyewe, bila maiki.